Barua kwa Mhariri: Hiyo mashine ya boti ya bei mbaya inamlipa nani?

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji maana huku mwaloni, tunakoshushia samaki, kila nikikaa nasikia stori ni ileile, mashine za boti za kisasa, mashine za kisasa, vijana wanaoneshana picha kwenye simu, hii ina kitufe, hii inajinyanyua yenyewe, na wauzaji mjini nao wanaongea utadhani ukinunua ile ya bei mbaya basi sangara wenyewe watapanga foleni kuingia mtumbwini. Mimi ni mama, siendi ziwani kuvua, nina mitumbwi ya dagaa na mmoja wa sangara hapa Kayenze, na petroli ya yote nanunua mimi kwa mkono wangu, kwahiyo naomba niongee kama mtu anayelipa, sio anayeshika mkono wa mashine.

Kwa kifupi naona watu wanauliza swali lisilo lenyewe. Wanauliza ipi nzuri, ipi ya kisasa. Nzuri zote ni nzuri zikiwa mpya. Uliza mtumbwi wako unawasha mashine masaa mangapi kwa siku, hapo ndo utajua zile mbwembwe zinarudisha hela au zinakaa tu pale nyuma zinapigwa na jua.

Mashine zenyewe ni za aina mbili, tustroku na fostroku. Tustroku kila mtu anaijua, ile unachanganya oili kwenye petroli, nyingi zinataka 50 kwa 1 yaani lita 50 unatia lita moja ya oili, na Yamaha za aina hiyo ndo zimelea huu mwambao kuanzia Kirumba mpaka Ukerewe, Ukara, Goziba, kote. Ina vyuma vichache, nyepesi, fundi yeyote anaifungua. Ubaya wake ni mmoja tu lakini mkubwa, pale silinda inapoingiza mafuta mapya tundu la kutolea moshi nalo linakuwa bado wazi, kwahiyo sehemu ya petroli inapita mbichi inatokea kwenye ekzosi bila kuungua, na kwa zile za kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, inaweza kufika robo mpaka asilimia 30 ya ulichonunua. Ile rangi rangi unayoiona juu ya maji pale mwaloni asubuhi ni hela ya mtu ile. Ndo maana Marekani walitoa kanuni 1996 ya kubana moshi wa mashine za boti, ikaingia taratibu kuanzia modeli za 1998 mpaka 2006, na tustroku za kabureta zikatoka kwenye maduka yao, huku kwetu zinaendelea kuuzwa mpya kabisa mpaka leo.

Fostroku haifanyi hivo, inaunguza inachopewa, na oili inakaa peke yake chini kama ya gari.

Sasa tupige hesabu, na hizi namba ni za mfano mtu aweke zake. Tuseme mashine ya hosipawa 15 ya tustroku ukiifungua mwendo wote inakunywa lita 7 kwa saa na fostroku ya 15 inakunywa lita 5, petroli tuseme 3,000 kwa lita maana EWURA wanaopanga bei ya mafuta wanabadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi siwezi kuwafukuzia. Mtumbwi wa sangara unaokwenda mbali unakula masaa 6 ya mashine kwenda, kuzungukia nyavu na kurudi. Hapo umeokoa lita 12, ni 36,000 kwa siku moja, kwa siku 20 za kazi ni 720,000 kwa mwezi, bado sijahesabu oili ya kuchanganya ambayo kwa lita 42 za tustroku ni karibu lita nzima kila safari. Kama fostroku imezidi bei kwa milioni 3, miezi minne na kidogo imejirudisha. Tena utoe oili ya kubadilisha, ile ya kwanza mapema masaa 20 hivi alafu kila masaa 100, kwahiyo kwa mtumbwi wa masaa 120 kwa mwezi unamwaga oili kila mwezi na zaidi kidogo, bado inalipa.

Alafu mchukue mzee wa sato anayetega hapo hapo mbele ya mwalo, anawasha saa moja kwa siku, asubuhi nusu saa na jioni nusu saa. Anaokoa lita 2, ni 6,000, kwa mwezi 120,000, ile milioni 3 itarudi baada ya miezi 25 kama haijaibiwa kabla, na kwenye ziwa hili mashine kuibiwa sio stori ya kutunga. Huyo mzee akikwambia tustroku inamtosha usimcheke eti mshamba, hesabu yake iko sawa.

Kwa upande wa dagaa ni katikati. Mwezi ukiwaka hatutoki, giza likirudi tunatoka, na mitumbwi ya karibu inakaa na taa usiku kucha mashine imezimwa. Mimi kwenye dagaa nimeacha tustroku, kwenye sangara nimeweka fostroku, na sioni haja ya kubadilisha.

Kuna jambo lingine wauzaji hawasemi kabisa na mimi naona ndo lingetakiwa kuwa la kwanza. Ziwa letu liko juu, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kuliko Dar, na mashine ya kawaida inapoteza nguvu kama asilimia 3 kwa kila mita 300 ukipanda, kwahiyo ile 15 uliyonunua ukiifunga Igombe ni kama 13 na ushee, hata iwe ya dhahabu. Sasa ya kabureta imetoka kiwandani imepimwa kwa hewa ya baharini, huku inapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, inakohoa, plagi zinakuwa nyeusi, mafuta yanaisha, afu nahodha anaambiwa mwizi. Fundi mjanja anabadilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, anaweka ndogo na propela anaweka ya mkunjo mdogo, mambo yanakaa sawa, lakini mafundi wangapi wanafanya? Ile ya injekta, ambayo wanaita EFI, inapuliza petroli yenyewe badala ya kabureta na ina kisensa kinachopima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Haikurudishii nguvu iliyopotea, hewa haipo basi haipo, ila haikumwagii petroli bure. Hicho ni kitu cha bei mbaya ambacho kwa sisi watu wa huku juu kina kazi ya kweli, na sijawahi kusikia muuzaji hata mmoja anakitaja, wao wanakazana na kitufe cha kuwashia.

Haya tuje kwenye kitufe. Stata ya umeme inataka betri, na betri kwenye mtumbwi wa dagaa haina mwenyewe. Tangu karabai zianze kuachia nafasi taa za sola kila betri inayoonekana ndani ya mtumbwi ni ya taa, vijana wataunganisha hiyo ya stata taa zisizime mapema, alafu alfajiri mtumbwi umejaa, upepo umeanza, unabonyeza kitufe kinasema tk, tk. Kama mashine imeachiwa na kamba ya kuvutia utavuta utarudi. Nyingine kubwa kamba ya kawaida hazina, mpaka uvue kifuniko uzungushie ya dharura kwenye gurudumu la juu, na mtumbwi unayumba. Ndo maana nawaambia watu, injekta kama unaipata chukua ile isiyotegemea betri, zipo, zinajizalishia umeme zenyewe ukivuta kamba, Suzuki na Tohatsu wanazo kwenye saizi ya 20. Kitufe waachie watu wa hoteli wanaopeleka wazungu Saanane.

Kujinyanyua kwa haidroliki nako ni hivohivo. Mashine ya 15 unainamisha kwa mkono mmoja ukifika kwenye mchanga. Ikiwa ya 60 au ya boti ya abiria sawa, huwezi kuinyanyua kwa mkono, hapo ni lazima wala sio anasa.

Mtoto wa dada yangu yuko Minnesota kule Marekani, nilivomsimulia haya mabishano akacheka akasema mama mdogo hata huku wanagombana hivohivo, tena juu ya mashine za kurushia theluji. Akanitumia video. Ni mashine unatembea nyuma yake, mbele kuna chuma kilichojisokota kinavuta theluji ndani, nyuma yake kuna feni ya chuma inaipiga inatokea kwenye bomba inaruka pembeni mita kadhaa. Za kawaida zipo na zile kubwa zinazidi dola 3,000, zina taa, zina injekta, zina mwendo wa haidroliki usio na gia, bomba unaligeuza kwa kijiti, na vishikio vinapasha moto vidole. Nikamwambia vishikio vya moto ni majivuno, akasema mama mdogo baridi ikishuka nyuzi 20 chini ya sifuri utavitafuta. Sawa. Lakini aliponieleza vizuri kumbe jambo lenyewe ni lingine, gari la serikali linalosafisha barabara linapita linaacha rundo gumu la barafu na matope mdomoni mwa njia ya kuingilia kwako, na hapo ndo ile ya bei rahisi inashindwa, ile theluji laini ya uani zote zinarusha. Kwahiyo mwenye njia ndefu na anayeamka kwenda kazini saa kumi na moja kila siku amelipia rundo lile, taa na joto la vidole vimekuja juu yake. Mwenye kibaraza cha hatua mbili amelipia majivuno. Akanionesha pia kipini kidogo cha bei ya soda kwenye kile chuma cha mbele, kikikutana na jiwe kinakatika chenyewe ili giaboksi ipone, na nyingi zinacho, za bei rahisi na za bei mbaya. Nikacheka maana hata mashine zetu ndogo za boti baadhi zina pini ya namna hiyo kwenye propela, na hapa mwaloni watu wanaitoa wanaweka msumari. Msumari haukatiki, inakatika gia.

Turudi ziwani. Uzito. Kwasababu ya wezi hakuna mtu anaacha mashine kwenye mtumbwi usiku au mchana watu wakiwa wamelala, inafunguliwa inabebwa begani mpaka stoo, na fostroku inazidi tustroku ya nguvu ileile kwa kilo 10 hivi, wakati mwingine zaidi. Kijana anaibeba ndiyo, ila angalia anavyoitua. Tustroku unaitupa kwenye mchanga ubavu wowote haina neno. Fostroku ina oili tumboni, ina ubavu wake wa kulalia, na kiwanda kimebandika alama pale pembeni. Nimesimama hapo stoo nikaona mbebaji kaiweka upande usio wake, kapumzika zake anakunywa uji, oili inatembea taratibu inaingia kwenye silinda, asubuhi wanavuta kamba haisogei hata kidogo, ngumu kabisa, mmoja anasema imekufa mwingine anasema imerogwa. Fundi kaja, katoa plagi, kavuta kamba pole pole, oili nyeusi ikaruka ikamchafua shati, kafuta, karudisha plagi, ikawaka na moshi mweupe mwaloni pote. Ilikuwa bahati. Wangeilazimisha kwa nguvu vyuma vya ndani vingepinda. Hili somo muuzaji angelitoa kwa dakika mbili siku ya kukabidhi mashine, hakulitoa, alikuwa anaelezea kitufe.

Na ufundi kwa ujumla ndo bei ya pili ambayo haiko kwenye karatasi ya duka. Kabureta ikiziba ukiwa kisiwani Kome au Maisome kuna mtu pale atachomoa waya mmoja wa breki ya baiskeli atazibua jeti kwa meno na pumzi, umeondoka. Injekta ikiziba haina waya wa breki. Na itaziba, kwasababu petroli ya visiwani inauzwa kwa madumu na chupa na ndani yake maji hayakosi. Kuna chujio la kutenganisha maji linafungwa kwenye mpira wa mafuta, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mashine, mimi nasema ukinunua injekta bila hilo chujio ni bora ungebaki na kabureta yako. Alafu kuna hitilafu ambazo mpaka kompyuta ichomekwe, na fundi mwenye kompyuta yuko mjini. Niliwahi kupeleka mashine ya garanti kwenye duka moja la mjini, sitalitaja, nikaambiwa garanti haifanyi kazi kwasababu huduma ya kwanza ilifanywa na fundi wa mwaloni badala ya wao. Nauliza, boti iko kambini kisiwani, huduma ya kwanza inatakiwa kwenye masaa 20, masaa 20 kwetu ni siku tatu nne, niikodie boti nyingine ije imwagwe oili Mwanza mjini? Hiyo garanti ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mtu wa wikiendi.

Jambo dogo la wizi, wenzangu matajiri wa mitumbwi watanielewa. Petroli ya tustroku ukishaichanganya oili haina soko zuri, bodaboda hawaitaki inawaletea moshi. Petroli ya fostroku ni safi. Dumu likishuka mwaloni linapita kwa bodaboda kwanza ndo linafika kwenye mtumbwi. Ile akiba ya lita 12 niliyoipiga hesabu hapo juu inaweza isionekane kabisa, sio kosa la kiwanda. Wengine tumeanza kupima kwa kijiti kabla na baada, vijana wamenuna, na wataendelea kununa.

Kitu ambacho ningelipia bila kubisha ni kengele ya joto. Magugu maji yakija na upepo yanafunga matundu ya kuvutia maji, au mchanga unakula impela, kile kifeni cha kuvuta maji ya kupoza, mashine inachemka na nahodha yuko bize na nyavu. Kengele inalia, mashine inajipunguza mwendo, umeokoa silinda. Na giaboksi ya uwiano mkubwa yenye propela pana, kwa mtumbwi wa mbao uliojaa barafu na samaki, hiyo ina maana kuliko kuongeza hosipawa, maana mtumbwi wa mbao mzito ukishafika mwendo wake hauendi zaidi hata ukiweka 40, unachimba maji tu na kukojoa mafuta.

Cha kutolipia ni yale mambo ya chumvi. Kwenye vitabu vyao vya matangazo nusu ya sifa ni kuzuia kutu ya maji ya bahari, rangi tabaka sijui ngapi, tundu la kuoshea chumvi, mabomba yasiyoliwa. Ziwa Victoria halina chumvi hiyo. Ukiambiwa modeli hii imezidi bei kwasababu ya kinga ya bahari mwambie akaiuze Kilwa.

Na ile kamba nyekundu ya kuzima mashine ukidondoka, ya kufunga mkononi, inakuja na karibu kila mashine mpya ya bei yoyote, hailipiwi zaidi. Nenda mwaloni wowote kaangalie, imefungwa moja kwa moja kwenye kitasa chake na haijawahi kuuona mkono wa mtu. Watu wanataka mashine ya kisasa.

Mhariri nimeandika kirefu kwasababu ya hii mikopo ya boti. Tangu Rais azindue ukopeshaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki hapa Mwanza 2024 vikundi vingi vinajipanga, benki nazo zinakuja na wakala na karatasi, na mara nyingi boti inakuja na mashine imeshachaguliwa. Kikundi kinachovua hapa karibu kinapewa mzigo mmoja na kikundi kinacholala Goziba, kisiwani mbali. Mashine ichaguliwe na watakaolipa deni, baada ya kuulizwa masaa yao. Na wauzaji waandike kwenye karatasi ya bei vitu vitatu tu, inakunywa lita ngapi kwa saa ikifunguliwa yote na ikifunguliwa nusu, impela na plagi na chujio vyake ni shilingi ngapi leo dukani kwao, na fundi wao wa visiwani ni nani na anafika lini ukimpigia.

Kama gazeti lina mwandishi mwenye nafasi, ampeleke kwenye maduka ya mjini akaulize hayo matatu duka kwa duka na kuchapa majibu, hata ukurasa wa nyuma, sisi tutanunua hilo gazeti. Akimaliza aje Kayenze siku ya giza, nitamwonesha daftari la petroli.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama mwenye mitumbwi, Kayenze, Ilemela, Mwanza